Bruda Adam: Mtawa aliyetafuta dawa ya maradhi ya nyuki hadi Kilimanjaro

MWAKA 1987 mzee aliyekuwa akikaribia umri wa miaka 90 alifika katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Miguu ilikuwa imechoka na hakuweza tena kupanda mwenyewe, hivyo palipokuwa na mwinuko mkali alibebwa mgongoni na mwenzake aliyekuwa na umri mdogo zaidi.

Mzee huyo hakuja kutafuta kilele wala kupiga picha za theluji. Alikuwa akimtafuta nyuki mweusi, mpole, anayeishi katika misitu yenye baridi ya milima ya Afrika Mashariki.

Jina lake la utawa lilikuwa Adam, na katika ulimwengu wa wafugaji wa nyuki alijulikana kwa jina hilo tu: Bruda Adam wa Buckfast. Kwa zaidi ya miaka 70 alifuga nyuki katika abasia ya Wabenedikti iliyopo Devon, kusini magharibi mwa Uingereza. Safari ya Kilimanjaro ilikuwa miongoni mwa safari zake za mwisho za kutafuta kitu kimoja alichokitafuta tangu ujana wake, yaani nyuki anayeweza kuhimili maradhi bila kutegemea dawa.

Maisha yake yanaeleweka vizuri zaidi yakiwekwa kando ya historia nyingine, ile ya serikali zilivyoanza kutunga sheria za kuzuia maradhi ya nyuki. Bruda Adam na watunga sheria walikuwa wakipigana na adui mmoja, lakini kila upande ulishika njia yake. Serikali zilifunga milango. Mtawa huyu alitembea nchi hadi nchi akikusanya nyuki.

Mtoto aliyepelekwa ugenini

Alizaliwa Agosti 3, 1898 katika kijiji cha Mittelbiberach, kusini mwa Ujerumani, na kupewa jina la Karl Kehrle. Mwaka 1910, akiwa na umri wa miaka 11 tu, mama yake alimruhusu aende Uingereza kujiunga na watawa wa Buckfast.

Wakati huo abasia hiyo ilikuwa ikijengwa upya juu ya magofu ya monasteri ya kale. Watawa wenyewe ndio waliokuwa mafundi na vibarua. Walianza ujenzi mwaka 1907 na hawakuumaliza hadi mwaka 1938. Kwa msomaji wa Tanzania, picha hiyo si ngeni. Wanaozifahamu abasia za Wabenedikti za Peramiho na Ndanda wanajua jinsi mabruda wanavyounganisha sala na kazi za mikono.

Kijana Karl, aliyepewa jina la Adam, alipangiwa kazi ya uashi. Afya yake haikuhimili kubeba mawe. Mwaka 1915 alihamishiwa kwenye manzuki ya abasia kumsaidia bruda mwenzake aliyekuwa na dhamana ya nyuki.

Ilionekana kuwa kazi nyepesi ya kumpumzisha kijana mgonjwa. Hata hivyo, alifika kwenye mizinga wakati ambapo nyuki wa Uingereza walikuwa wakifa kwa wingi.

Maradhi kutoka kisiwani

Tangu mwaka 1904 kulikuwa na habari za ugonjwa wa ajabu katika kisiwa cha Wight, kilichopo pwani ya kusini ya Uingereza. Nyuki walitoka mizingani wakashindwa kuruka. Walitambaa kwenye nyasi kwa makundi, mabawa yakiwa yametanuka ovyo, kisha wakafa. Katika miaka michache ugonjwa huo ulivuka maji na kuenea bara, kaunti moja baada ya nyingine.

Ulipofika Buckfast, abasia ilikuwa na makundi 46 ya nyuki. Baada ya majira ya baridi ya mwaka 1915 na 1916, makundi 30 yalikuwa yamekufa na 16 tu yalibaki.

Kijana Adam hakuishia kuhesabu hasara. Aliangalia ni akina nani waliopona, akagundua kwamba makundi yaliyosalia yalikuwa na damu ya nyuki wa Italia, ama halisi, ama machotara wa nyuki hao na nyuki weusi wa asili wa Uingereza. Weusi halisi wa manzuki hayo walikuwa wamekwisha.

Kutokana na hali hiyo alifikia hitimisho lililomwongoza maisha yake yote. Aliamini kwamba uwezo wa kuhimili ugonjwa umo katika damu ya nyuki, na kwamba mfugaji makini anaweza kuuchagua, kuuchanganya na kuuimarisha kizazi hadi kizazi, kama mkulima anavyochagua mbegu. Machotara wa kwanza aliowachagua mwaka 1917 ndio waliokuwa chanzo cha nyuki anayefahamika duniani kwa jina la Buckfast.

Septemba 1, 1919 alikabidhiwa rasmi dhamana ya manzuki ya abasia. Alikuwa na umri wa miaka 21.

Serikali zaingilia kati

Wakati huo huo wanasayansi walikuwa wakitafuta chanzo cha maafa. Kufikia mwaka 1921 John Rennie na wenzake wa Chuo Kikuu cha Aberdeen, Scotland, walikuwa wametangaza kwamba ndani ya mirija ya kupumulia ya nyuki wagonjwa kuna utitiri mdogo sana usioonekana kwa macho. Utitiri huo huingia kwa nyuki wachanga, huzaliana ndani ya mirija na kufyonza majimaji ya mwili.

Habari hizo zilivuka bahari haraka. Marekani, iliyokuwa na mamilioni ya mizinga na hofu ya kuambukizwa, ilipitisha sheria ya nyuki mwaka 1922 na kuzuia uingizaji wa nyuki hai kutoka nje. Ilikuwa miongoni mwa hatua kali zaidi zilizowahi kuchukuliwa na dola kwa ajili ya mdudu afugwaye. Utitiri ule haukugunduliwa nchini humo hadi mwaka 1984, takriban miaka 60 baadaye.

Ireland ilikuwa imetangulia kwa kuwa na sheria ya kuzuia maradhi ya nyuki tangu mwaka 1908. Uingereza yenyewe, iliyopata pigo kubwa, ilichelewa. Wafugaji hawakukubaliana kuhusu jambo hilo. Wapo waliotaka wakaguzi wenye mamlaka, na wapo waliochukia wazo la ofisa wa serikali kufungua mizinga yao bila hiari yao na kuamuru ichomwe moto.

Ni vita ndiyo iliyobadilisha mambo. Mwaka 1942, chakula kikiwa cha shida na sukari ikiwa ya mgawo, serikali ya Uingereza ilitoa amri ya kudhibiti ugonjwa wa kuoza kwa majana, yaani watoto wa nyuki. Ugonjwa huo husababishwa na bakteria ambao mbegu zake zinaweza kukaa ndani ya masega na mbao za mzinga kwa miongo kadhaa zikiwa hai. Asali inayoonekana safi, mzinga ulionunuliwa mtumba, hata kisu cha mfugaji, vyote vinaweza kuubeba.

Kwa sababu hiyo sheria haikuwa na huruma. Aina kali ya ugonjwa huo ilipothibitishwa, kundi liliuawa jioni nyuki wote wakiwa wamerejea, shimo likachimbwa, masega yakachomwa na majivu kufukiwa. Mfugaji alipoteza mzinga mmoja ili majirani wasipoteze mizinga yao yote. Mwaka 1980 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria pana zaidi ya nyuki iliyowapa mawaziri mamlaka ya kudhibiti maradhi, ukaguzi na uingizaji wa nyuki kutoka nje.

Kazi ya nyikani

Bruda Adam alielewa umuhimu wa moto na karantini, lakini aliona kuwa hiyo ni nusu ya kazi. Kwa maoni yake, kumlinda nyuki dhaifu daima ni kuahirisha tatizo. Alitaka kumpata nyuki imara.

Kazi hiyo ilikuwa na kikwazo kikubwa. Malkia wa nyuki hajamiiani ndani ya mzinga. Hupaa angani na kukutana na madume mengi, mara nyingi zaidi ya kumi, na mfugaji hana namna ya kujua yametoka wapi. Anayefuga ng'ombe anaweza kuchagua fahali. Anayefuga nyuki humtegemea upepo.

Mwaka 1925 Bruda Adam alipata ufumbuzi. Katikati ya Dartmoor, nyika ya juu yenye upepo na mvua isiyo mbali na abasia, alianzisha kituo cha kupandishia malkia mahali paitwapo Sherberton. Nyuki wa kawaida hawakuwepo eneo hilo kutokana na ukali wa mazingira. Aliyapeleka huko madume aliyoyachagua mwenyewe, kisha malkia wachanga katika vizinga vidogo. Kwa namna hiyo alikuwa na hakika ya baba na mama wa kila kizazi.

Alitunza kumbukumbu za nasaba mwaka hadi mwaka. Aliandika ni kundi lipi limetoa asali nyingi, lipi ni pole, lipi halina tabia ya kutoroka, na lipi limekufa. Malkia aliyeshindwa vigezo hakupewa nafasi ya kuzaa tena, hata kama asali yake ilikuwa nyingi.

Abasia ilinufaika kwa mauzo ya asali, na malkia wa Buckfast walianza kuombwa na wafugaji wa nchi nyingine.

Safari za kutafuta damu mpya

Mwaka 1950, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 50, alianza safari zilizomfanya ajulikane duniani. Alianzia Ulaya, akapita Ufaransa, Uswisi, Austria na Italia. Mwaka 1952 alikwenda Algeria na nchi za Mashariki ya Kati. Baadaye alizuru Uturuki, Ugiriki, Hispania, Ureno, Yugoslavia, Misri na Morocco, na baadhi ya nchi hizo alizirudia.

Alitafuta vijiji vilivyokuwa mbali na barabara kuu, ambako wakulima walifuga nyuki wa asili katika mizinga ya udongo, magogo au vikapu. Kila alipompata malkia aliyemridhisha alimweka katika kizimba kidogo pamoja na nyuki wachache wa kumhudumia, na kumpeleka Buckfast kwa majaribio. Wengi hawakufaa. Wachache waliingizwa katika nasaba yake baada ya miaka mingi ya uchunguzi.

Hapa ndipo penye swali gumu katika maisha ya mtawa huyu. Vizimba vile vile vilivyobeba damu mpya vingeweza kubeba maradhi mapya. Karne ya 20 ilitoa mifano miwili mikubwa ya hatari hiyo.

Wa kwanza unaigusa Tanzania moja kwa moja. Mwaka 1956 mtaalamu wa jenetiki wa Brazil, Warwick Kerr, alipeleka nchini mwake malkia wa nyuki wa Afrika. Wengi walitoka Afrika Kusini, na mmoja wao alitoka Tabora. Lengo lilikuwa kuboresha uzalishaji wa asali katika nchi ya joto. Mwaka 1957 makundi 26 yalitoroka kutoka kwenye manzuki ya majaribio, yakachanganyika na nyuki wenye asili ya Ulaya, na uzao wao mkali ukaenea Amerika ya Kusini na ya Kati hadi kufika Marekani mwaka 1990.

Wa pili ni wa utitiri uitwao varoa. Huyu alikuwa mdudu wa nyuki wa Asia, ambao walikwisha kumzoea. Wafugaji walipopeleka nyuki wa Ulaya katika maeneo ya Asia, na baadaye kuwasafirisha huku na kule, utitiri huo ulihamia kwa wenyeji wapya wasiokuwa na kinga. Ulisambaa katika nchi nyingi ndani ya miongo michache, ukibeba virusi na kuua makundi mengi.

Bruda Adam aliufuatilia utitiri huo kwa wasiwasi. Alikuwa na imani kwamba kama nyuki walivyoweza kuushinda utitiri wa mirija ya pumzi, ndivyo uzazi wa kuchagua ungeweza siku moja kutoa nyuki wa kuihimili varoa. Ni katika kutafuta damu ya namna hiyo ndipo alipofika Kilimanjaro.

Nyuki wa mlimani

Nyuki aliyemfuata alikuwa amewekwa katika orodha ya kisayansi mwaka 1961 na Francis G. Smith, ofisa wa masuala ya nyuki aliyefanya kazi Tanganyika. Smith alimtofautisha nyuki wa milimani, mkubwa na mweusi, na nyuki wa nyika wenye rangi ya manjano na hasira za haraka. Yeye pia ndiye aliyemtenga nyuki mdogo wa pwani ya Afrika Mashariki kuwa jamii yake peke yake.

Nyuki wa milimani alikuwa na sifa zilizomvutia mtawa huyo. Ni mpole kuliko ndugu zake wa tambarare na amezoea baridi ya usiku. Miaka miwili baadaye, mwaka 1989, wafugaji kutoka Sweden walifuata nyayo hizo katika Mlima Elgon, upande wa Kenya, na damu ya nyuki wa huko ikachanganywa na ya Buckfast.

Katika miaka hiyo heshima zilikuwa zimeanza kumfikia. Uingereza na nchi yake ya kuzaliwa zilimtunukia nishani katika miaka ya 1970. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sweden kilimpa shahada ya heshima ya udaktari mwaka 1987, na Chuo Kikuu cha Exeter kikafanya hivyo mwaka 1989. Mtoto aliyeacha shule ya kijijini na kwenda ugenini alikuwa sasa ni daktari mara mbili.

Mwaka wa machungu

Mwaka 1992 ulikuwa mgumu kwake. Mwezi Februari, akiwa na umri wa miaka 93, aliachia dhamana ya nyuki aliyoishika tangu mwaka 1919. Alitaka msaada ili aendeleze utafiti wa uzazi wa nyuki. Uongozi wa abasia uliona kuwa kazi ya manzuki ni kuzalisha asali kwa ajili ya jumuiya. Kwa mtawa aliyeweka nadhiri ya utii, hapakuwa na rufaa.

Miezi miwili baadaye, Aprili 1992, varoa ilithibitishwa kwa mara ya kwanza nchini Uingereza. Haikugunduliwa mbali. Ilikuwa Torquay, mji wa pwani katika kaunti ile ile ya Devon, mwendo mfupi kutoka Buckfast. Serikali iliweka vizuizi vya kusafirisha nyuki, lakini utitiri ulikwisha kuingia na haukuzuilika. Adui aliyemfuata hadi Kilimanjaro alikuwa amefika mlangoni mwake wakati hana tena mizinga ya kupambana naye.

Bruda Adam alirejea kwa muda katika kijiji alichozaliwa Ujerumani, kisha akarudi Devon. Alifariki dunia Septemba 1, 1996 akiwa na umri wa miaka 98, tarehe ile ile aliyokabidhiwa nyuki wa abasia miaka 77 kabla.

Urithi wenye mjadala

Kazi yake haikukosa wapinzani. Aliamini kuwa nyuki weusi wa asili wa Uingereza walitoweka kabisa kwa ugonjwa wa kisiwa cha Wight. Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa baadaye ulionyesha kuwa nyuki hao wangali wapo katika sehemu za Uingereza na Ireland, na watetezi wao wanalalamika kuwa machotara wa kigeni wanahatarisha nasaba hiyo ya kale. Hata chanzo cha maafa yenyewe kilitiliwa shaka. Katika miaka ya 1960 mtafiti Leslie Bailey alidai kuwa utitiri ulibebeshwa lawama kubwa kuliko ilivyostahili, na kwamba virusi vya kupooza na mambo mengine huenda vilihusika.

Pamoja na hayo, hoja yake kuu imezidi kupata nguvu. Dawa za kuua varoa zimekuwa zikipoteza makali kadiri utitiri unavyozizoea, na watafiti wa nchi nyingi wamegeukia kuchagua nyuki wenye tabia ya kujisafisha na kuondoa majana yaliyoambukizwa. Nyuki wa Buckfast wangali wanafugwa katika nchi nyingi.

Nazo sheria hazikulegea. Malkia anayeingizwa Uingereza kutoka nje hutengwa na wahudumu wake, na kizimba pamoja na nyuki hao hupelekwa maabara kukaguliwa. Njia aliyoitumia Bruda Adam kwa uhuru mkubwa katika miaka ya 1950 sasa ina vibali, vyeti na wakaguzi.

Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Ufugaji Nyuki mwaka 2002, ambayo pamoja na mambo mengine inahusu kuzuia na kutokomeza maradhi na wadudu waharibifu wa nyuki. Mwaka 2010 watafiti walitoa taarifa kwamba varoa ilikuwa imeonekana kwa nyuki wa Kenya na Tanzania. Tofauti na ilivyokuwa Ulaya, makundi mengi ya nyuki wa Afrika Mashariki yaliendelea kuishi na utitiri huo bila kuangamia na bila kupewa dawa.

Kwa maneno mengine, sifa aliyoitafuta mzee yule akiwa amebebwa mgongoni ilikuwepo katika nyuki wa ukanda huu. Ndiyo mali ambayo mrina asali wa Tabora au wa miteremko ya Kilimanjaro anayo mzingani mwake bila kuinunua. Kuiharibu hakuhitaji nguvu nyingi. Kizimba kimoja cha malkia wa kigeni aliyeingizwa kwa siri, bila kukaguliwa, kinatosha.